Fuata namba ya nyumba: siku sita na mama mkwe kwenye vitabu vya kanisa, Bielefeld na Detmold

Jumapili usiku, Dortmund, Ujerumani

Mabegi yako mlangoni. Mama mkwe amelala kochini sebuleni, kafika tangu mchana na ile bahasha yake ya ngozi ambayo haiachi mkononi, hata kula amekula imelala mapajani. Ana miaka 81. Kesho tunaondoka wawili tu, mume wangu kazini hawajampa ruhusa, na mimi likizo yangu ya hospitali nimeiomba tangu Januari kwa ajili ya hii safari.

Ndani ya bahasha kuna kijitabu kinaitwa Ahnenpass. Familia nyingi hapa zinacho kabatini na hazipendi kukitaja. Baada ya 1933 utawala wa Hitler ulitaka mtu athibitishe kwamba hana babu wala bibi Myahudi ndio apate kazi ya serikali au abaki nayo, basi nchi nzima watu wakamiminika kwa wachungaji kuomba wanakiliwe ubatizo na ndoa za wazee wao, mchungaji anaandika anagonga muhuri. Yaani kitabu cha ubatizo, kitu cha kumpokea mtoto, kikageuzwa cha kuchambulia watu, nani abaki nani afukuzwe, na waliofukuzwa tunajua waliishia wapi. Baba yake mama mkwe alijaza chake 1936. Mama anakitunza kwa sababu ndio karatasi pekee ya ukoo aliyoachiwa, ila kila akikifungua anabadilika uso.

Kinarudi nyuma hadi kwa babu yake huyo baba, aliyebatizwa Jöllenbeck mwaka 1841, kijiji kilichokuwa kaskazini ya Bielefeld na sasa ni sehemu ya jiji. Baba wa mtoto kaandikwa. Mama wa mtoto, mstari mtupu. Halafu kuna maneno ambayo baba yake alikuwa akiyasema akiwa mzee, mama mkwe ananirudiaga kila Krismasi: "Kwa haki yake sisi sio watu wa jina hili." Hakueleza zaidi. Amekufa nalo. (Jina lenyewe silitaji, ndugu wa hilo jina bado wapo kulekule.)

Mwaka juzi tulimlipa mtu mmoja wa mtandaoni atutafutie. Akatuletea mti mzuri wa rangi hadi 1690, tukaufremu kabisa, baadae nikagundua kamchukua mtu mwingine mwenye jina la mzee wetu, Johann Heinrich, wa usharika wa jirani, tarehe ya kuzaliwa tofauti kwa miaka 3. Mama alilia siku ile. Ndio nikasema basi nitajifunza kusoma mwenyewe.

Kwa anayeanza, kitu cha kwanza kujua ni hiki: eneo hili lilikuwa la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, na Prussia ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Oktoba 1874, Ujerumani nzima ikafuata 1 Januari 1876. Kabla ya hapo huna ofisi ya kwenda, aliyeandika ni mchungaji. Kwa hiyo kujua mji haitoshi, ujue usharika, na ujue walikuwa wakatoliki au walutheri. Vitabu vingi vya kikatoliki viko kwenye tovuti ya Matricula unasoma bure, vya kiprotestanti viko tovuti ya Archion unalipia kwa muda. Mimi nimekesha Archion miezi 3, nikitoka zamu ya usiku naoga nafungua laptopu. Nikakwama sehemu mbili, Johann Heinrich ni wengi mno, na ukurasa mmoja wa ndoa umeliwa na doa. Ndio maana tunakwenda.

Jumatatu

Treni kupita Hamm na Gütersloh, mvua njia nzima. Mama kasimulia bila kupumzika, na mimi nilikuwa naandika kwenye simu kwa sababu mtu wa umri huo akisema neno leo kesho humpati nalo.

Mchana tukatembea polepole hadi Ravensberger Spinnerei, kile kiwanda kikubwa cha kusokota uzi, kilianzishwa 1854, siku hizi watu wazima wanasomea kozi humo ndani. Mama akasimama mbele ya lile jengo la mawe muda mrefu. Watu wa eneo hili wote walikuwa wanalima kitani, wanakisokota nyumbani usiku, wanafuma, wanauza kitambaa Bielefeld. Halafu uzi wa mashine kutoka Uingereza ukaingia, bei ya uzi wa mkono ikaanguka, miaka ya 1840 watu walilala njaa huku vidole vinatoka damu kwa kusokota. Wengi wakapanda meli kwenda Marekani. Bibi yake mama mkwe alikuwa akisema mtoto wa miaka 5 alikuwa tayari na gurudumu lake la kusokotea. Mama akaniambia, "Tukiwakuta humo vitabuni, watakuwa wamechoka." Sikuwa na la kujibu.

Jumanne

Tramu namba 1, tukashuka kituo cha Bethel. Hifadhi ya nyaraka ya kanisa la kiinjili la Westfalia, yaani eneo hili, iko hapo, tulishaweka nafasi wiki kadhaa nyuma. Bethel ni kama mji ndani ya mji, ulianza 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh akaja kuuongoza 1872. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Hilo jina la Bethel nimelisikia kabla sijajua Ujerumani iko upande gani, kwa sababu wamisionari waliofika Mlalo mwaka 1891 ni wa shirika ambalo baadae, 1906, lilihamia hapa Bethel, na babu wa baba yangu alibatizwa na watu wa mkono huo. Na hivi vijiji vya mama mkwe, Jöllenbeck na wenzake, ndio vilikuwa na uamsho mkubwa wa dini karne ya 19, wakulima na wafumaji wenye senti chache wakitoa sadaka ya misheni. Nilishuka pale kituoni nikasimama kidogo na begi langu. Mama akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana Mama, nimefika mahali.

Ndani, kwanza begi kwenye kabati la funguo, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Mama alidhani ataletewa kitabu chenyewe akishike. Hawatoi, kurasa zimechoka, unasoma picha kwenye skrini. Niliona alivyovunjika moyo, alikuwa amenawa mikono mara 2 asubuhi kwa ajili hiyo. Ila skrini ina faida yake, ukikuza ukurasa anasoma bila miwani.

Sasa huo mwandiko. Unaitwa Kurrent, na mama hausomi, kwa sababu mwandiko wa shule wa ukoo huohuo ulifutwa 1941 na yeye kazaliwa 1943. Mimi niliunakili kwenye daftari kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi e yao ni vijiti viwili, n nayo ni vijiti viwili, u nayo vijiti viwili ila imewekewa kikonyo juu ili isichanganywe na n, h ina kitanzi juu na kitanzi chini, s ya katikati ni ndefu unaapa ni f. Neno kama "seinen" linakuwa ua wa fito, unahesabu vijiti kimoja kimoja kwa ncha ya penseli. Kilichoniokoa ni kwamba wachungaji wengi majina ya watu waliyaandika kwa herufi za kilatini, hizi zetu, maelezo ndio Kurrent. Kwa hiyo macho yanaruka jina kwa jina, ukishalipata ndio unatulia unasoma kilichobaki.

Ubatizo wa 1841 tuliupata kabla ya saa sita. Ukurasa una safu zilizochapwa: namba, jina la mtoto, siku na saa ya kuzaliwa, halali au nje ya ndoa, baba na kazi yake, mama, mahali, siku ya kubatizwa, wadhamini. Huyo mtoto namfahamu kwenye Archion tayari, ila nilikuwa nasoma kwa pupa, leo nikasoma kila safu. Kwenye baba: "Colon" halafu majina mawili halafu ukoo, halafu neno dogo ambalo miezi yote 3 nililichukulia kama mkwaruzo wa kalamu. Nikalikuza. "geb." Geborener. Aliyezaliwa kama... na baada yake ukoo mwingine kabisa.

Nikaenda kumuita mhudumu wa chumba, mama wa makamo mpole sana, akaangalia sekunde 5 tu akacheka kwa furaha. Akatueleza kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokolea mwaka. Huku Ravensberg, yaani eneo hili la Bielefeld, jina lilikuwa ni la shamba. Colon ni mwenye shamba. Mwanaume akioa binti aliyerithi shamba anahamia pale na anachukua jina la shamba, watoto wake wote wanaitwa kwa jina hilo, na mchungaji siku moja anaandika jina jipya tu, siku nyingine anakumbuka anaongeza la zamani. Akasema, "Usifuate jina. Fuata namba ya nyumba." Kila shamba na kila kibanda kijijini kilikuwa na namba, na namba haioi wala haiolewi. Ya kwetu iko palepale kwenye safu ya mahali, 23.

Na mama wa mtoto? Ule mstari mtupu wa kwenye Ahnenpass? Kitabuni yupo. Anne Margarethe Ilsabein. Na ukoo wake wa kuzaliwa ni hilohilo jina la shamba.

Nilimsomea mama mkwe mara 2. Akawa anarudia "Ilsabein, Ilsabein" kwa sauti ya chini, ni jina la zamani sana la huku, bibi yake alikuwa na shangazi wa jina hilo. Kwa nini 1936 hawakumwandika hakuna anayejua.

Jumatano

Leo ndio siku ngumu. Naandika niko hotelini na mama kalala mapema.

Asubuhi tukachukua vitabu vya vifo na kazi yetu ikawa moja tu, kutafuta 23. Inakwenda haraka ukizoea, unateremka na safu ya mahali peke yake, majina unayaacha. Ilsabein tukamkuta 1847. Miaka 38. Ugonjwa: "Auszehrung". Kwa neno ni kuisha, kukonda hadi kuisha, na mara nyingi kinachosemwa hapo ni kifua kikuu. Miye ni nesi, wodi yangu ni ya mapafu, nikaona kabisa kile chumba, moshi wa jiko, vumbi la kitani, mama anakohoa na watoto wamelala kitanda kimoja naye. Kwenye safu ya walioachwa mchungaji kaandika mume na watoto 5 wadogo. Alizaa 8, tulishahesabu kwenye ubatizo. Mmoja wa hao 5 ndio babu wa baba yake mama.

Miezi 7 baada ya maziko mume kaoa tena, 23 ileile. Sasa angalia hapo, mke wa pili katoka kijiji kingine, mume si damu ya shamba, lakini watoto wao wote wamebatizwa kwa jina la shamba. Nusu ya watu wanaobeba hilo jina hawana hata tone la ukoo ule. Mama akanyamaza akawa anahesabu ndugu kwa vidole, nadhani kuna binamu anaowajua wa upande ule.

Baada ya chakula nikataka kujua kwa nini binti alirithi. Wavulana walikuwa wapi? Tukarudi nyuma, 1830 hamna, 1825 hamna, tukafika 1820.

23. Mvulana, miaka 9. "Ruhr."
23. Mvulana, miezi 14. "Ruhr."
23. Mvulana, miaka 6. "Ruhr."

Ruhr ni kuhara damu. Watatu ndani ya siku 11. Tarehe mchungaji kaandika "7br" na mimi nikaandika Julai kwenye daftari, mhudumu akanisahihisha, 7br ni Septemba, septem ni saba kwa kilatini, kama ambavyo 8br ni Oktoba na Xbr ni Desemba, wengi wanajikwaa hapo. Na si wa kwetu tu, mwezi ule ukurasa mzima ni Ruhr, Ruhr, Ruhr, nyumba kwa nyumba, unaona namba zinavyofuatana 19, 21, 22, 23, 23, 23, 26, unajua kabisa walikuwa wanachota maji sehemu moja. Mwandiko wa mchungaji mwanzo wa mwezi umenyooka, mwisho wa mwezi umelala, wino mzito, kaandika Ruhr tu bila hata kumalizia tarehe. Nimefanya kazi kambi ya kipindupindu nikiwa mwanafunzi, najua siku ya tisa mkono wa mtu unakuwaje.

Ilsabein alikuwa na miaka 12. Alibaki peke yake.

Mama hakulia. Aliomba tukae kidogo tusifungue ukurasa mwingine. Tukakaa.

Jioni nikajaribu ile ndoa ya Ilsabein ya 1832, hapa pia picha ni ileile ya Archion, doa limekula upande wa bwana harusi wote. Mhudumu akasema twendeni Detmold.

Alhamisi, Detmold

Treni ndogo, chini ya lisaa. Juu ya Detmold kuna ile sanamu kubwa ya Hermann, watu wote kwenye treni walikuwa wanaiendea, sisi hatukwenda.

Kwa nini Detmold: sheria kuu ya Prussia ya 1794 iliagiza kila usharika utengeneze nakala ya pili ya kitabu na kuipeleka mahakamani, ili moto ukiunguza kanisa majina yasipotee. Nakala za Westfalia zinazoishia 1874 zimehifadhiwa na hifadhi ya serikali hapa Detmold. Hapohapo wana na rejesta za miaka ya Wafaransa, wakati kaka mdogo wa Napoleon alipofanywa mfalme wa Westfalia 1807 hadi 1813. Ni watu wachache wanaokumbuka kuuliza nakala ya pili, wanaona kitabu cha kanisa kimeharibika wanakata tamaa. Uliza. Kama ukurasa wako una doa, au panya, au mtu kachana, uliza kama kuna nakala. Ila nakala ni nakala, aliyenakili anaweza kuruka mstari, kwa hiyo ukipata vyote viwili linganisha.

Nakala ya 1832 ni safi kama imeandikwa jana. Mwandiko mwingine, wa mtunza kanisa nadhani, wa duara na wa kujitahidi. Ndoa hiyo hapo, imetangazwa kanisani Jumapili 3, tarehe zote 3 zimewekwa. Bibi harusi miaka 24, binti na mrithi wa 23. Bwana harusi miaka 26, mtoto wa Heuerling, nyumba namba 61, jina lake la kuzaliwa, halafu "jetzt", sasa, halafu jina la shamba.

Heuerling ni mtu asiye na ardhi, anakaa kwenye kibanda cha mwenye shamba na kodi analipa kwa jasho, anaitwa wakati wowote, hata kama nafaka yake mwenyewe inaoza kwa mvua anakwenda kwanza kuvuna ya tajiri. Huyo kijana akaingia 23 akawa Colon. Kwa hiyo yale maneno ya baba wa mama mkwe ni kweli kabisa: kwa kufuata wanaume, wao si watu wa jina hili, ni watu wa kibanda namba 61. Kizazi kwa kizazi walijua kuna jina jingine nyuma, na mwisho likabaki lile fumbo la Krismasi.

Nikamweleza mama kwenye benchi nje, nimechora kwenye daftari, nyumba 61 upande huu, 23 upande huu, mshale. Akauangalia ule mchoro. Halafu akaweka kidole juu ya 23. "Lakini jina lilikuwa la kwake," akasema. "Ilsabein ndio alikuwa nalo. Sisi tumebeba jina la mwanamke huyu miaka yote hii na hata kumwandika hatukumwandika."

Hilo mimi sikuliona. Nilikuwa nimekazana na mwanaume, kwa sababu swali letu lilikuwa la mwanaume.

Ijumaa, Jöllenbeck

Tramu namba 3 hadi mwisho, halafu basi. Kanisa la sasa si lile alilobatizwa Ilsabein, hili lilijengwa miaka ya 1850 wakati wa mchungaji Volkening, yule wa uamsho, alihudumu hapa 1838 hadi 1869. Maana yake mwaka 1841 na 1847 tayari yuko. Ule mwandiko mdogo ulioegemea kulia, ulioandika Auszehrung na watoto 5, kama si wake ni wa msaidizi wake. Nilivyokuwa nimekaa kwenye kile kiti cha mbao nikawa nafikiria sadaka za misheni za kanisa hili na Usambara yetu, na huyu mama wa 23 aliyekufa kabla misheni ya kwetu haijaanza, na mtoto wake ambaye huenda alitoa senti. Sina ushahidi wa senti hiyo, ila vile vijiji vilitoa, hilo linajulikana.

Katibu wa usharika alitupokea vizuri na kahawa. Vitabu vya zamani vilishapelekwa Bielefeld zamani, alichonacho ni ramani ya kuonyesha mashamba ya kale na namba zake, kwa sababu namba zile hazitumiki tena, siku hizi ni majina ya mitaa. 23 ilikuwa wapi? Akatafuta na kidole, akageuza ramani, akatuonyesha. Dakika 20 kwa mguu.

Tulikwenda polepole na fimbo ya mama. Shamba halipo, kuna nyumba za kawaida za ghorofa moja, trampolini ya watoto, magari. Umebaki mwaloni mmoja mkubwa pembeni ya barabara na kijito kinapita nyuma, maji kidogo tu. Mama akaangalia kile kijito. Nilijua anafikiria nini kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hicho, 1820, ndoo. Watoto wawili wakatoka wakatusalimia wakaendelea kuruka.

Jumamosi, nyumbani kwa mama

Nimemrudisha kwake, mume wangu atakuja kunichukua jioni. Baba kanipigia kutoka Lushoto, nimemweleza habari za Bethel, ananiuliza kama na sisi tunaweza kutafuta za babu. Nimemwambia aanze kwa kumuuliza katibu wa usharika wetu kama daftari la kwanza la ubatizo bado lipo na liko wapi, apige picha kwenye mwanga wa dirisha asitumie flashi, anitumie, mwandiko nitausoma mimi. Ameshanijibu kwamba Jumatatu anakwenda.

Halafu mama katoa Ahnenpass mezani. Nikadhani anataka tujaze ule mstari mtupu, nikamsogezea kalamu na daftari langu lenye tarehe. Akatikisa kichwa. "Hiki sikiongezei hata herufi moja," akasema, akakirudisha kwenye bahasha. Akanyanyuka akaenda chumbani, akarudi na kitabu cha nyimbo cha bibi yake, kile cha jalada jeusi kilichokatika mgongo, ambacho kurasa za mwanzo zimeachwa nyeupe na watu wa kwao wameandikaga humo ndoa na vizazi.

Akaandika taratibu, mkono unatetemeka kidogo. Anne Margarethe Ilsabein. Akaandika ukoo wake. Akaandika 1808 na 1847, akaandika Jöllenbeck 23. Chini akaandika mume na jina lake la kuzaliwa, namba 61. Akapuliza wino. Halafu akainua kichwa bila kuweka kalamu chini.

"Na wale wadogo zake. Nisomee tena walikuwa na miaka mingapi."

Nikafungua daftari. Tisa, nikamsomea. Sita. Na yule wa mwisho miezi 14.